Diwani mkulima apewe makabrasha mapema

Mkulima wa pamba wa Nassa akichaguliwa kuwa diwani haachi jembe. Mvua za Novemba zikianza hupanda pamoja na jirani zake, na palizi haimngojei amalize vikao.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na chini ya mpango wa Madaraka Mikoani maamuzi yakawa mikononi mwa maofisa. Zilirejeshwa mwaka 1984 ili mwananchi apate tena sauti. Nassa ilikuwa wilayani Magu. Tangu 2012 imo Busega, mkoani Simiyu. Mipaka ndiyo iliyohama, si shamba.

Sauti hiyo haina maana iwapo diwani atakabidhiwa makabrasha ya bajeti asubuhi na kutakiwa kuyapitisha jioni. Fedha zinazojadiliwa ni pamoja na ushuru wa pamba yake mwenyewe. Kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini mkulima anajua fika kuwa mzigo huo humfikia katika bei.

Ndugu zetu wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, wanayaelewa haya. Diwani wa Ukara huacha nyavu zake na kuvuka maji ndipo afike Nansio.

Tunawaomba wakurugenzi wayapeleke makabrasha siku saba kabla, kwa Kiswahili chepesi. Na anayepanga kikao cha Desemba aulize kwanza kama mvua imenyesha.