Waraka wa Wazi kwa Kliniki: Nirudishieni Ada ya Uangalizi

Kwa Meneja,
Kliniki ya Upasuaji wa Urembo,
Nairobi.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: KUREJESHEWA ADA YA UANGALIZI BAADA YA UPASUAJI

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za faragha zilijibiwa kwa sentensi moja tu: fedha zikishalipwa hazirudishwi.

Sina ugomvi na upasuaji wenyewe. Daktari aliyenikaza tumbo baada ya uzazi alifanya kazi safi, na malipo yake sidai hata senti. Ninachodai ni ada ya uangalizi, ambayo ankara yenu iliitaja peke yake: kubadilishiwa bendeji, kutolewa mrija, kuonwa na daktari aliyenipasua na kupokewa simu usiku na mchana.

Mrija huo hutoa maji yanayojikusanya chini ya ngozi. Kwa kawaida hauondolewi mpaka maji yapungue, aghalabu chini ya mililita 30 kwa saa 24. Mlinipa karatasi ya vipimo, nami niliijaza kila asubuhi. Siku muuguzi alipoutoa, karatasi ilionyesha mililita 90. Nilimwonyesha. Akajibu kwamba daktari ana wagonjwa wengi, na kwamba mrija ukikaa sana huleta maambukizi. Hilo la maambukizi ni kweli, lakini wa kulipima ni daktari, baada ya kumkagua mgonjwa. Mimi hakunikagua.

Baadaye tumbo lilivimba upande wa kushoto. Nikilibonyeza, maji yanacheza chini ya ngozi. Nambari yenu ya dharura iliita usiku kucha bila kupokewa. Nilivutwa maji hayo kwa sindano katika hospitali nyingine, tena zaidi ya mara moja. Risiti nimeziambatisha.

Nilipolalamika, mhudumu wenu aliniambia, "Mama, si ulijitakia?" Nilitaka upasuaji, ndiyo, na uangalizi niliulipia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Hakikuwatenga wanaotafuta urembo. Wengi wetu hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa, na kimya hicho ndicho kinachowapa watu ujasiri wa kutuambia tumejitakia.

Nadai mambo matatu:

1. Mnirudishie ada yote ya uangalizi.
2. Mnilipe gharama za hospitali iliyonitibu, kwa mujibu wa risiti.
3. Mnipe nakala ya faili yangu, ikionyesha nani aliidhinisha mrija utolewe.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalowapa leseni ninyi na madaktari wenu. Ningependa tuyamalize mezani kabla ya kufika huko.

Na mgonjwa anayefuata, tafadhalini, aonwe na daktari kabla ya kutolewa mrija.

Wako,
Mgonjwa wenu.