Meno ya Plastiki: Kubalianeni Kabla Mtoto Hajaumwa

Mpenzi msomaji, umewahi kuona ndoa changa ikitikiswa na jino ambalo hata halijaota? Mimi nimeona, tena Mpanda mjini. Baba yuko benki, mama ni mwalimu, mtoto ana miezi sita. Mtoto kapata homa na kuharisha. Bibi yake kachungulia fizi, akatoa hukumu: "Haya ni meno ya plastiki. Twende akang'olewe, msije mkachelewa." Baba kimya. Mama naye akawaza, nikimkatalia mama mkwe nitaambiwa nina kiburi cha shule. Siku mbili hawasemezani! Mwishowe walikwenda hospitali, mtoto akapimwa, kumbe malaria.

Tuambiane ukweli, imani hii haiko Katavi peke yake. Imeenea Tanzania, na majirani zetu Uganda wanaiita ebinyo. Kile kivimbe cheupe ni jino changa la chonge lililo ndani ya ufizi, na kila mtoto analo. Wanaong'oa hutumia kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, hata VVU. Na jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuota limeharibika, au lisiote kabisa.

Sasa mbona bibi anaapa kwamba aliona watoto wakipona? Kuanzia miezi minne hadi minane mtoto anaanza kutambaa, anatia kila kitu mdomoni, anaanza uji, na kinga aliyozaliwa nayo inapungua. Ni rahisi aharishe. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, basi sifa anapewa mng'oaji. Mtoto akifariki, inasemwa alicheleweshwa.

Kwa hiyo wewe na mwenzio wekeni msimamo mapema:

* Mtoto akiwa na homa au anaharisha, mpelekeni kituo cha afya akapimwe. Anayeharisha aendelee kunyonya na apewe ORS na zinki.

* Usafi uanze kabla ya meno. Futa fizi kwa kitambaa safi chenye maji. Jino la kwanza likitokeza, mara nyingi karibu na miezi sita, tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na kabla ya kulala. Akifika miaka mitatu meno ya utotoni huwa yametimia 20.

* Asali ya Inyonga ni tamu, tunajua, lakini chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mtoto misuli hadi ashindwe kupumua. Na umri wowote, asilale na chupa ya chai au juisi mdomoni.

* Akina baba, hapa ndipo mnapohitajika. Mama ni wako, ongea naye wewe, kwa heshima: "Mama, tunashukuru, ila mtoto tunampeleka hospitali. Twende wote." Akisikia daktari mwenyewe akieleza, huenda kesho akawa balozi wenu mtaani. Usimwachie mkeo vita ambayo si yake.

Bibi anampenda mjukuu wake kama nyinyi mnavyompenda. Anachohitaji ni kuelezwa, si kudharauliwa. Basi leo jioni, mtoto akishalala, zimeni TV mkubaliane.

Tukutane mwezi ujao!