Askari waliougua akili China: haki inayosubiri karatasi

Mji wa Guangzhou, kusini mwa China, unafahamika na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki kwa maduka ya jumla ya Xiaobei na kwa maonyesho makubwa ya biashara yafanyikayo huko mara mbili kila mwaka. Wachache kati yao hujua kwamba mji huo ndio makao makuu ya Kamandi ya Kusini ya jeshi la China, na kwamba ndiko ilikofunguliwa, mwaka 1898, hospitali ya kwanza ya maradhi ya akili nchini humo. Mwanzilishi wake alikuwa John Kerr, daktari mmisionari kutoka Marekani, na hospitali iliyorithi kazi yake ingali ikipokea wagonjwa katika eneo la Fangcun, ng'ambo ya Mto Zhujiang.

Jeshi na hospitali, basi, ni majirani wa muda mrefu. Hata hivyo, kwa askari aliyeugua akili akiwa kazini kisha akaachishwa, njia ya kutoka lango la kwanza hadi la pili hupitia ofisi nyingi, na katika kila ofisi swali ni moja: jalada lake linasema nini?

Nchini Marekani swali hilo linaeleweka na kila askari. Anayeondoka jeshini hupewa cheti kinachoeleza ameondoka kwa daraja gani, kuanzia lile la heshima kamili hadi lile la kufukuzwa kwa aibu, na aliyepewa daraja la chini anaweza kuomba lipandishwe. China haina ngazi za namna hiyo. Askari humaliza muda wake na kurudishwa kwao, au huachishwa kwa ugonjwa, au jina lake hufutwa katika orodha ya kikosi, au hufukuzwa kabisa. Sababu huandikwa katika jalada linalotunzwa na ofisi za serikali, ambalo mwenyewe kwa kawaida haruhusiwi kulishika wala kulifungua.

Kwa sababu hiyo, jambo linalokaribiana zaidi na ombi la Mmarekani la kupandishwa daraja ni ombi la askari wa zamani wa China la kutambuliwa, baada ya kuondoka, kuwa ni mlemavu wa jeshi. Akikubaliwa hupata posho, matibabu na, jambo lisilopuuzwa kijijini, heshima ya mtu aliyeumia akilitumikia taifa. Akikataliwa hubaki kuwa mgonjwa wa familia yake.

Kanuni za fidia kwa wanajeshi, zilizotolewa na serikali ya Beijing mwaka 2004 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2024, hugawa ulemavu wa askari katika mafungu matatu kwa kufuata chanzo chake: vita, kazi au ugonjwa. Mgawanyo huo ndio kiini cha tatizo. Chini ya kanuni za 2004, aliyeumia vitani au kazini aliweza kupewa daraja lolote kati ya madaraja 10 ya ulemavu. Askari wa kawaida aliyeugua tu alitambuliwa ikiwa hali yake ilifikia madaraja 6 ya juu, yaani yale mazito zaidi.

Kanuni hizo za 2004 zilimruhusu pia askari aliyekwisha kuondoka kuomba daraja ambalo hakupewa kwa wakati. Waliozitunga hawakuwasahau wagonjwa wa akili, kwani zilitaja waziwazi kwamba ombi la mgonjwa wa namna hiyo lingeweza kuwasilishwa na jamaa yake. Lakini mlango huo uliwekewa makufuli mawili. La kwanza, ulikuwa kwa ajili ya ulemavu uliotokana na vita au kazi, si ule wa ugonjwa. La pili, mwombaji alitakiwa awe na kumbukumbu ndani ya jalada au cheti cha awali cha matibabu.

Aliyekatika mguu hahitaji kueleza mengi. Aliyeanza kusikia sauti usiku, akashindwa kulala, akagombana na mkuu wake na kurudishwa nyumbani, hana kovu la kuonyesha. Familia yake hutakiwa kuthibitisha kwamba aliugua kabla ya kuvua sare, na tena kwamba kilichomuuguza ni utumishi wenyewe. Ushahidi wa yote mawili, kama upo, uliandikwa na kikosi kilichomwachisha.

Vita vya 1979

Mfano mzito zaidi hautoki mbali. Alfajiri ya Februari 17, 1979, majeshi ya China yalivuka mpaka na kuingia Vietnam. Upande wa Guangxi operesheni iliongozwa na Jenerali Xu Shiyou, kamanda wa Mkoa wa Kijeshi wa Guangzhou. Majeshi hayo yaliondoka katikati ya Machi, lakini mapigano ya mpakani yaliendelea kwa takriban miaka 10 iliyofuata. Vijana waliopigana huko, wengi wao watoto wa wakulima, walirudi vijijini wakati ambapo mashamba ya ujima yalikuwa yakivunjwa na kila kaya ikianza kujitegemea. Hakukuwa na nafasi kubwa ya kumsubiri mtu apone.

Tarehe ina maana hapa. Maradhi ya kiwewe baada ya vita yaliingizwa katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya vita hivyo. Daktari wa kikosi mpakani mwaka 1979 hangeweza kuandika jina la ugonjwa ambalo halikuwapo bado. Nchini China wakati huo, mtu aliyekosa usingizi, aliyechoka na kuumwa kichwa bila sababu ya kimwili aliambiwa ana udhaifu wa neva. Mwaka 1980 daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, Arthur Kleinman, aliwachunguza wagonjwa 100 waliopewa jina hilo katika hospitali moja ya mkoa wa Hunan, jirani wa Guangdong, akakuta kwamba 87 kati yao walikuwa na sonona.

Wagonjwa wale hawakuwa askari, lakini somo lake linawahusu askari moja kwa moja. Jalada lililoandikwa "udhaifu wa neva" halisemi vita, wala halisemi ugonjwa wa akili. Ofisa anayelisoma miaka 40 baadaye, akifuata kanuni neno kwa neno, ana kila sababu ya kulifunga. Hapo hana ukatili wowote. Ni karatasi tu iliyoandikwa kwa lugha ya zama nyingine.

Malalamiko ya askari wa zamani, kuhusu posho na ajira zaidi kuliko maradhi, yaliitikisa serikali. Oktoba 2016 zaidi ya 1,000 kati yao walikusanyika mbele ya jengo la wizara ya ulinzi mjini Beijing. Katikati ya 2018 wengine waliandamana Zhenjiang, mkoani Jiangsu. Mwaka huo huo wizara mpya ya masuala ya askari wa zamani ilianza kazi, ikiwa na dhamana ya watu wanaokadiriwa rasmi kuwa milioni 57, na Januari 2021 sheria ya kuwalinda ilianza kutumika. Hizo ni hatua za kweli, na si haki kuzibeza. Ila wizara ni chombo cha kiraia. Yaweza kupima ulemavu. Haiwezi kuliamuru jeshi kuandika upya sababu ya kumwondoa askari, na mahakama za kiraia hazipokei kesi dhidi ya uamuzi wa namna hiyo.

Kuruti anayesema hawezi

Kwa vijana wa leo hatari imechukua sura nyingine. Sheria ya utumishi wa kijeshi iliyorekebishwa mwaka 2021 inamwadhibu anayekataa kutumikia: haajiriwi serikalini wala katika mashirika ya umma, na kwa miaka 2 hasafiri nje wala kujiunga na masomo ya juu. Adhabu hizo humpata pia askari aliyefutwa katika orodha kwa kukataa kazi ili akwepe utumishi. Serikali za wilaya huchapisha majina ya walioadhibiwa ili iwe onyo kwa wengine.

Kuruti wa miaka 19 anayegoma kutoka bwenini huenda ni mkaidi. Huenda pia ni mgonjwa. Tofauti kati ya hayo mawili huamuliwa kambini katika siku chache, mara nyingi na makamanda wanaotakiwa kutimiza idadi. Akipewa daktari ataachishwa kwa ugonjwa. Asipopewa, jina lake litabandikwa hadharani pamoja na picha ya mkwepaji. Na akitaka baadaye kueleza kwamba alikuwa akiumwa, atarejeshwa kwenye lile lile jalada.

Wapo wanaojiuliza kwa nini familia hizo hazipazi sauti. Sababu moja ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi nchini China watu waliosafiri kupeleka malalamiko serikalini walikamatwa na baadhi yao kufungiwa katika hospitali za akili ingawa hawakuwa wagonjwa. Sheria ya afya ya akili iliyopitishwa Oktoba 2012, na kuanza kutumika Mei 2013, ilikusudia kuzuia hayo kwa kuweka kanuni kwamba mgonjwa hulazwa kwa hiari yake, isipokuwa akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Hata hivyo kumbukumbu haifutwi na sheria. Askari wa zamani anayesimama mbele ya ofisi ya malalamiko na kusema kwamba akili yake iliharibiwa jeshini anampa ofisa aliyekasirika silaha ya kumpigia.

Njia ya Marekani

Wamarekani nao hawakufika walipo kwa wema wa majenerali. Kati ya 2001 na 2010 takriban askari 31,000 waliachishwa kwa madai kwamba walikuwa na kasoro ya tabia iliyokuwapo kabla hawajajiunga na jeshi, jambo lililowanyima mafao. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya bunge iliripoti kwamba, kati ya askari 91,764 walioondolewa kwa utovu wa nidhamu kuanzia 2011 hadi 2015, asilimia 62 walikuwa wamegunduliwa na kiwewe, jeraha la ubongo au maradhi mengine ya aina hiyo katika miaka 2 ya mwisho ya utumishi wao.

Mashauri ya mahakamani, mengi yakiwakilishwa na wanasheria wa kujitolea, yalilazimisha mabadiliko. Septemba 2014 waziri wa ulinzi, Chuck Hagel, aliziagiza bodi za kusahihisha kumbukumbu kuyafikiria kwa upole maombi ya waliougua kiwewe. Agosti 2017 agizo lingine lilieleza kwamba ushahidi waweza kutoka nje ya jeshi: kwa mke, kwa rafiki, kwa daktari wa kiraia. Mwombaji hulazimika bado kungoja, na wengi hukataliwa. Lakini kanuni hiyo ya ushahidi ndiyo inayokosekana katika makufuli yale mawili ya China, nayo haigharimu hazina kiasi cha kutisha.

Afrika Mashariki haina sababu ya kulitazama suala hili kama la ugenini. Uganda na Burundi zilipeleka majeshi Somalia mwaka 2007, na Kenya ikaingia Oktoba 2011. Shambulio la El Adde la Januari 15, 2016 liliacha wajane na mayatima, na liliacha pia walionusurika. Si ajabu, katika mitaa inayoishi karibu na kambi, kusikia ikisemwa kwamba fulani alirudi si yule. Nani aliyeandika hali ya fulani huyo siku aliyorejea, na maandishi hayo yako wapi, ni maswali ambayo mabunge ya ukanda huu yangeweza kuyauliza sasa, wakati madaktari waliowapokea bado wapo kazini.

Kusini mwa China muda unazidi kwisha. Aliyekuwa na miaka 18 alipovuka mpaka mwaka 1979 amepita miaka 60. Punguzo la askari milioni 1 lililotangazwa mwaka 1985, na lile la 300,000 lililotangazwa mwaka 2015, lilivunja au kuunganisha vikosi vingi. Mkoa wa Kijeshi wa Guangzhou wenyewe ulifutwa mapema mwaka 2016, na Kamandi ya Kusini ikachukua nafasi yake. Jamaa anayetafuta cheti cha matibabu kilichoandikwa hemani huko Guangxi hana budi kwanza kujua ni ofisi ipi iliyorithi makabati.