Madawati yasiyogeuka

Tangu mwaka 2017, Mtaala wa Umilisi unataka mwanafunzi wa Kenya awe mbunifu na ajue kushirikiana na wenzake. Lakini katika shule nyingi dawati ni lile lile la kuchomelewa, kiti na meza kitu kimoja, watoto watatu bega kwa bega wakitazama ubao. Kuligeuza kunahitaji watu wawili, na chuma kikikwaruza saruji, darasa la jirani halisomi. Si ajabu kazi ya vikundi huishia kwa kugeuza shingo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kuwa wanafunzi wa darasa la nne waliuliza maswali mengi zaidi walipoketi nusu duara kuliko walipopangwa kwa safu.

Wapo watakaosema madarasa yamefurika na fedha hazipo. Ni kweli, na safu zina faida yake mtoto anapofanya kazi peke yake, hatudai zifutwe. Tunachodai ni zabuni ijayo iagize meza na viti vilivyotenganishwa, na ukuta wa nyuma upakwe rangi nyeusi uwe ubao wa wanafunzi, kwa kimo chao. Darasa lililofurika ndilo linaloufaidi zaidi ubao huo, maana mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wote, na hapo watoto wanaweza kuelekezana.