Jina lako limeandikwa?

Vijana wengi wa kwetu Ntoto wanaijua Titanic juu ya ile sinema ya mwaka 1997. Wanalia kwa ajili ya Jack na Rose. Lakini, kijana, Jack na Rose ni watu wa kutungwa, hawakupanda masua ile hata siku moja. Wale waliopanda kweli walikuwa zaidi ya 2,200, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 zaidi ya 1,500 walikufa. Mitumbwi ya kuokolea ilikuwa na nafasi ya watu 1,178 tu. Hata leo unaweza kusoma majina yao, tajiri na maskini, pamoja na la mtoto wa miezi miwili, Millvina Dean, aliyeokoka na kuishi mpaka mwaka 2009. Majina hayo tunayo juu abiria waliandikwa.

Sasa tukaribie kwetu. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, masua MV Bukoba ilipinduka katika ziwa Victoria, ikiwa karibu kufika Mwanza, Tanzania. Iliruhusiwa kubeba watu 430. Ilitoka Bukoba, ikapita Kemondo, na kule wengine tena wakaingia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wale wa daraja la tatu, yaani watu kama mimi na wewe, hawakuandikwa.

Masua ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo juu, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Kumbe hewa iliyokuwa ndani ndiyo iliyoishika masua juu ya maji! Hewa ikatoka, masua ikashuka chini pamoja nao. Sitaki kuwahukumu wale waliotoboa. Ukisikia mtu anagonga, utafanya nini? Hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya 800 waliokufa. Wengi walizikwa Igoma, pale Mwanza, na wengine hawakuonekana tena. Hesabu kamili haiwezi kujulikana, juu daraja la tatu halikuwa na orodha.

Usiseme hayo ni ya Tanzania. Tarehe 3 Oktoba 2024, masua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiangalia kwa macho yao. Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara, na wengi waliosafiri kwa gari wakageukia ziwa. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema kwanza kwamba abiria walikuwa 278 na waliokufa 78. Kisha hesabu zikaanza kubishana, na familia zikabaki zinazunguka hospitali na pwani, zikiuliza.

Mimi mwenyewe nimepanda masua ya namna hiyo. Kijana mmoja alipokea feza yangu, akaitia mfukoni, akanisukuma niingie kati ya magunia. Nilimwuliza: «Na jina langu?» Akacheka: «Mzee, unaenda kuoa?» Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikosea. Koti la kuelea niliona matano, yamefungwa kwa kamba juu kabisa, pahali mkono haufiki.

Vijana wetu wanatoka hapa kila juma kutafuta kazi kwenye machimbo, tena wanabadilisha machimbo bila kutuma habari. Wengine hutumia jina jingine kule. Kijana, mbele ya kupanda, andikisha jina lile mama yako analokuitia. Wasipokuwa na orodha, tuma habari nyumbani kwa simu: jina la masua, siku, na saa.

Na ninyi baba na mama: yule mtoto aliyeshuka Goma mwezi uliopita kuelekea Bukavu, alipanda masua gani?