Jeraha Dogo Halifichwi Kambini

Mto Nabuyonga, upitao mjini Mbale, wakati wa kiangazi huonekana kijito tu. Mwishoni mwa Julai 2022 mto huo pamoja na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Katika kazi ya uokoaji kama ile, askari huingia matopeni penye mabati, misumari na vipande vya chupa, na atokaye humo bila mkwaruzo ana bahati. Mkwaruzo wenyewe hautusumbui. Kinachotusumbua ni ile desturi, tuijuayo kambini kutoka Jinja hadi Mbale, ya kuuficha, kana kwamba kumwonyesha tabibu kidole kilichokatwa ni woga.

Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika samadi. Hustawi ndani ya tundu jembamba lililozama, kama la msumari, pasipofika hewa; kwa hiyo tundu lisilotoa damu nyingi laweza kuwa baya kuliko mkato mpana. Kwa kawaida ugonjwa hudhihirika baada ya siku 3 hadi 21, taya zikianza kukaza, wakati mwenyewe amekwisha kuusahau msumari. Kinga yake ni chanjo. Wake zetu huchanjwa wanapokuwa wajawazito. Mwanamume huenda hajachanjwa tangu utotoni. Kwa maoni yetu, mkuu akaguaye bunduki hana budi kukagua na kadi za chanjo.

Mkato mdogo hauhitaji mengi. Nawa mikono, ubane jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 pasipo kufunua ili kuchungulia (hapo ndipo wengi hushindwa), kisha lioshe kwa sabuni na maji safi yatiririkayo, ulifunike. Majivu, mafuta ya taa na maji ya betri visiliguse, hata kama sajini mzee anavisifu.

Lakini damu isipokoma, midomo ya jeraha ikiachana, vidole vikifa ganzi, au uchafu ukibaki ndani, askari aende zahanati siku hiyo hiyo, asingoje paredi ya kesho. Ni vivyo hivyo kwa jeraha chafu ikiwa chanjo ya mwisho imepita miaka 5. Wekundu unaoenea, usaha na homa navyo si vya kuvumiliwa. Aliyeumwa na mbwa akiwa doriani aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende mara moja, ijapokuwa meno yamekwaruza tu; kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu daima huua. Naye koplo wa zamu atoe ruhusa hiyo bila kumshuku mwenzake kwamba anakwepa lindo.