Tusimlilie Rosalind Franklin

Wako watu ambao, kila litajwapo jina la Rosalind Franklin wa Uingereza, huililia Tuzo ya Nobel ya 1962 waliyopewa wanaume watatu, naye amekwisha kufa tangu 1958. Kilio hicho, msomaji, kinamdhulumu mara ya pili, maana chaisahau kazi yake. Alianza 1942 na makaa ya mawe, akipima vitundu vyake visivyoonekana kwa macho. Baadaye aliipiga DNA picha za eksirei. Kisha akageukia virusi vya tumbaku, akaonyesha kwamba kila kimoja ni kama mwanzi wenye uwazi ndani, na asidi ya urithi imefichwa ukutani mwake. Alikufa na miaka 37. Kazi hiyo yataka sifa, si machozi. Nawe unayedharau somo kwa kuwa halina fahari, jiulize: makaa yalikuwa na fahari gani?